Sindano hakukosa, ugonjwa ukarudi: kisa cha mama wa Malindi

Kadi yake ya kliniki haikuwa na doa. Flufenazini, dawa ya ugonjwa wa akili, miligramu 25, sindano ya kila wiki nne, mstari baada ya mstari na sahihi ya muuguzi, miaka 16 bila pengo la kutajika. Mwenye kadi ni mama wa miaka 47 wa mitaa ya zamani ya Malindi, mpika mahamri ambaye wateja humfuata mlangoni kabla jua halijachomoza. Kati ya Novemba 2023 na Septemba 2024 aliugua mara tatu, na mara mbili akalazwa. Mara ya tatu aliletwa kwa tuktuk, wanawe wawili wamemshika mikono, akieleza kwamba jirani anamtilia dawa kwenye unga, na kwamba kuna sauti ya mwanamume inayomhesabia mahamri usiku kucha, moja moja, na ikikosea inaanza upya.

Yeye na binti yake wameniruhusu kukisimulia kisa hiki. Mambo yanayoweza kumtambulisha nimeyageuza. Ya kitabibu nimeyaacha yalivyo.

Katika kliniki ya magonjwa ya akili, mgonjwa aliyekuwa ametulia akirudi na sauti, swali la kwanza huwa lile lile: dawa anameza? Na ni swali la haki, maana wengi wanaorudiwa huwa wameacha. Hapa halikupata pa kushika. "Hamezi, daktari," binti alijibu. "Yuwadungwa. Na mwamdunga nyinyi wenyewe."

Nyumbani kila mtu alikuwa na jawabu lake. Kaka mkubwa alisema ni pepo wa zamani amerudi kudai chake. Shangazi hakusema, alimtazama tu mke mwenza. Mume, mtu wa bahari, alisema ni mwezi: mkewe huchafuka mbalamwezi inapokuwa kubwa. Kombe walikwisha kumnywesha, aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe na kuoshwa kwa maji ya waridi. Kombe mimi sina ugomvi nalo maadamu sindano inaendelea. Ugomvi wangu ni ile ngoma ya kupunga pepo iliyomkesha usiku baada ya usiku. Mgonjwa wa saikosisi, yaani wa sauti na shuku zisizo za kweli, ukimnyima usingizi, hata kwa nia njema, unamwongezea ugonjwa.

Katika hao wote, mume ndiye aliyekaribia. Tarehe za mbalamwezi tulizilinganisha na tarehe za kuugua, hazikukubaliana. Lakini alikuwa ameona jambo la kweli: ugonjwa ulikuja kwa zamu.

Binti naye alikuwa ametaja kitu kwa kupitia tu, wala hakukiona kuwa cha daktari. "Usiku yuwatoka jasho hata shuka zarowa. Yuwasema moto wamtoka kifuani wapanda usoni." Nyumbani wakaliita joto la pepo. Muuguzi aliyekuwa zamu siku hiyo, mwanamke wa makamo, alilijua joto hilo kwa mwili wake mwenyewe. Akauliza: hedhi yake ya mwisho ilikuwa lini?

Faili la mama huyu lina umri wa miaka 23. Lina uzito wake, presha yake, dini yake, kazi ya mumewe. Hedhi haimo hata mara moja. Sitaitaja kliniki, na sidhani ni ya peke yake. Fomu nyingi za magonjwa ya akili nilizoziona hazina mstari huo, kana kwamba kichwa na kizazi ni vya watu wawili.

Tarehe hakuna aliyeijua kwa kichwa. Ila katika nyumba za pwani kuna rejista ya hedhi ambayo haikuundwa na wizara yoyote. Mwanamke Muislamu akiwa katika hedhi haswali wala hafungi. Swala hazilipi, lakini saumu za Ramadhani ni deni, na deni hilo hulipwa siku kwa siku kabla Ramadhani nyingine haijaingia. Kwa hiyo siku huhesabiwa. Katika nyumba hii mhesabuji alikuwa binti, kwa sababu mama husahau na huogopa kufa na deni. Alizipiga duara kwa kalamu kwenye kalenda ya msikiti, ile yenye nyakati za swala, na kalenda za miaka iliyopita hazikutupwa. Zilikuwa zimetandikwa kwenye rafu ya jikoni chini ya vyombo. Alikwenda kuzileta, na madoa yake ya mafuta.

Ramadhani ya 2022: duara sita, kama miaka yote iliyotangulia. Ramadhani ya 2023: duara 11 katika mafungu mawili, damu ilikuja mwanzoni mwa mwezi na ikarudi mwishoni. Ramadhani ya 2024: hakuna duara hata moja. Alifunga mwezi mzima, na nyumba nzima ilimpongeza. Kisha, baada ya Idi, mwishoni mwa Aprili, akaanza kukataa kuwafungulia wateja mlango, akalia kwamba anaitwa jina. Siku nne baadaye damu ikaja kwa wingi, na haikukatika. Hata tarehe ya damu hii tuliipata kwa njia ya dini: ilipopita siku 15 alimtuma mtu kwa ustadhi kuuliza kama aswali, maana katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya pwani, kinachozidi siku 15 si hedhi tena, ni istihadha, na mwenye istihadha huswali. Binti alikumbuka siku ya swali hilo.

Tukaziweka kalenda kando ya kadi. Kuugua kwa Novemba 2023 kulikuja baada ya kama miezi miwili bila damu, na damu ikafuata ndani ya wiki. Kwa Aprili 2024 nimekwisha kueleza. Mara ya Septemba damu ilianza wodini, siku ya tano. Na tulipomuuliza binti kuhusu mwaka 2023 kabla ya hapo, akasema kulikuwa na visiku vya kununa na kusema peke yake, vitatu au vinne, halafu mama anaingia hedhini na anatulia. Hawakuvileta kliniki kwa sababu viliisha vyenyewe.

Matukio matatu si ushahidi wa kumpeleka mtu mahakamani. Kumbukumbu ya familia hujipanga upya ikishapewa maelezo. Na Ramadhani yenyewe huvuruga usingizi kwa daku na tarawehe, kwa hiyo la Aprili lingeweza kusingiziwa hilo. La Novemba na la Septemba haliwezi. Mimi nilitosheka kwamba hapa kuna jambo la kufuatwa.

Sayansi yenyewe ni hii. Estrojeni, homoni ya kike, ile inayoitwa estradioli hasa, haifanyi kazi kwenye kizazi peke yake. Ina vipokezi ubongoni, na mojawapo ya kazi zake huko ni kupunguza nguvu ya dopamini, kemikali ambayo karibu dawa zote za saikosisi hulenga kuizuia. Heinz Häfner na wenzake wa Mannheim, Ujerumani, walionyesha katika panya kwamba estradioli hupunguza wepesi wa vipokezi vya dopamini vya aina ya D2, vile vile ambavyo flufenazini huvifunga. Kundi hilo hilo lilipochunguza watu walioanza kuugua skizofrenia (saikosisi ya muda mrefu, ndilo jina lililo kwenye faili la mama huyu), likakuta wanawake huanza kwa wastani miaka mitatu hadi minne baada ya wanaume, na kwamba wanawake wana kilele cha pili, kidogo zaidi, baada ya miaka 45. Wanaume hawana. Mary Seeman wa Toronto, Kanada, alikuwa akiandika tangu miaka ya 1980 kwamba wanawake vijana hutulia kwa dozi ndogo kuliko wanaume wa rika lao, na kwamba faida hiyo huwatoka hedhi inapokoma.

Ndani ya mwezi mmoja wa mwanamke, estrojeni hupanda kabla ya yai kutoka, hupanda tena kiasi, halafu huanguka siku chache kabla ya damu. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2020 yalikuta kwamba siku zinazoizunguka hedhi wanawake hulazwa kwa magonjwa ya akili kama mara moja na nusu ya inavyotarajiwa. Miaka ya kuelekea ukomo wa hedhi nayo ina fujo lake. Wengi hudhani homoni hushuka polepole mpaka ikaisha. La. Ni maleleji, ule upepo wa kigeugeu kati ya kusi na kaskazi: leo inavuma kwa nguvu kupita kawaida, kesho shwari, na nahodha hajui aelekeze wapi tanga. Ubongo uliozoea estrojeni huumizwa na kule kuanguka kwa ghafla, tena baada ya kupanda sana.

Kwa hiyo dozi ya mama huyu haikubadilika. Kilichopungua ni msaidizi wa dozi. Miligramu 25 zilitosha kwa miaka 16 kwa sababu ovari zake zilikuwa zikifanya sehemu ya kazi bila kuandikwa kwenye kadi. Utafiti wa Finland uliochapishwa mwaka 2023, uliopitia rekodi za wagonjwa zaidi ya 60,000 wa skizofrenia na magonjwa ya jamii yake, uliona jambo hili kwa upana: kuanzia miaka 45 dawa zilianza kuwalinda wanawake pungufu ya zilivyowalinda wanaume wa umri huo.

Lakini haikuwa sawa kurukia hapo moja kwa moja, kwa sababu hedhi iliyopotea kwa mwanamke anayetumia flufenazini ina washukiwa watatu. Wa kwanza ni mimba, na miaka 47 haiifuti. Kipimo cha mkojo kilisema hapana. Wa pili ni dawa yenyewe. Dopamini ndiyo inayoizuia prolaktini, homoni ya maziwa. Ukiifunga dopamini kwa flufenazini, haloperidoli au risperidoni, prolaktini hupanda, na prolaktini iliyopanda huinyamazisha amri inayotoka ubongoni kwenda kwenye ovari. Hedhi hukatika, estrojeni hushuka. Yaani dawa inayomlinda kwa mkono mmoja inaweza kumpunguzia kinga kwa mkono wa pili, na mifupa yake pia ikalipa. Kipimo kilitumwa Mombasa na kikarudi zaidi ya mara mbili ya mwisho wa kawaida. Wenzangu wawili walitaka tuishie hapo: ni prolaktini, badilisha dawa.

Sikukubaliana nao, na sababu ni rahisi. Dawa ilikuwa ile ile tangu 2008, na kwa miaka yote hiyo hedhi ilikuja bila kukosa, duara sita kila Ramadhani. Prolaktini ilikuwepo, pengine ilichangia, lakini haiwezi kuwa ndiyo iliyobadilika. Isitoshe, prolaktini peke yake haileti damu ya siku zaidi ya 15. Joto la usiku, damu ya kuja mara mbili kwa mwezi kisha kupotea, umri: huyo ni mshukiwa wa tatu, ukomo wa hedhi unaokaribia. Kuna aliyependekeza kipimo cha homoni ya kuamsha ovari ili kuthibitisha ukomo. Kwa mwanamke aliyepita 45 mwenye dalili hizi historia inatosha, na katika miaka hii kipimo hicho hupanda na kushuka kiasi kwamba jibu la Jumatatu hukanushwa na la mwezi ujao. Fedha ya familia ikaenda kwenye tezi ya shingo, sukari na wingi wa damu. Tezi na sukari vilikuwa sawa. Damu ilikuwa chini, hemoglobini 8.4.

Tulipofungua kurasa za mwanzo za faili tukakuta jambo ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Ugonjwa wake ulianza mwaka 2001, akiwa na miaka 24, siku ya tisa baada ya kumzaa mtoto wa pili. Hakuwa amemaliza arobaini. Katika siku chache baada ya kujifungua estrojeni huanguka kutoka kilele cha ujauzito hadi karibu na sifuri. Hakuna anguko jingine la homoni katika maisha ya mwanamke linalofanana na hilo. Saikosisi ya uzazi huwapata mzazi mmoja au wawili katika kila 1,000, wengi ndani ya wiki mbili za kwanza. Anguko la kwanza la estrojeni lilimwangusha na anguko la pili likamwangusha. Mkunga na kliniki ya akili waliandika kila mmoja daftari lake, na daftari hizo hazikuwahi kukutana.

Hilo linafungua suala la utambuzi pia. Saikosisi ya uzazi mara nyingi zaidi ni ndugu ya ugonjwa wa hisia mbili, ule wa furaha ya kupindukia na huzuni nzito kwa zamu, kuliko skizofrenia, na ingekuwa hivyo, tiba ingeweza kuwa lithiamu. Daktari bingwa alilipima. Kati ya 2001 na 2008 mama aliacha dawa mara mbili, na mara zote mbili zilirudi sauti na shuku za majirani, bila ile furaha ya kupindukia, mbio za maneno wala kukosa usingizi bila kuchoka. Jina la skizofrenia likabaki kwenye faili. Mimi ningeliandikia alama ya kuuliza kwa penseli.

Sasa tufanye nini? Hapa ndipo tulipobishana zaidi.

Estrojeni yenyewe ni tiba inayofikirika, si ndoto. Jayashri Kulkarni wa Melbourne, Australia, aliwapa wanawake wenye skizofrenia kibandiko cha estradioli cha mikrogramu 100 juu ya dawa zao za kawaida. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2008 lenye wanawake 102, waliobandikwa walipata nafuu kuliko waliopewa kibandiko kitupu. Mwaka 2015 alirudia kwa wanawake 183, na mikrogramu 200 zikafanya vizuri zaidi. Mark Weiser wa Israeli alijaribu dozi hiyo kwa wanawake 200 wa Moldova, matokeo yakatoka mwaka 2019, na faida ilionekana hasa kwa waliopita miaka 38. Raloksifeni, dawa ya mifupa inayoigiza estrojeni baadhi ya mahali, imeleta habari zinazogongana: ilisaidia katika jaribio dogo la Australia, na katika jaribio la Romania la wanawake 200 waliokoma hedhi na wagonjwa sana, waliopewa dawa walifanya vibaya kuliko waliopewa kidonge kitupu. Habari hiyo mtu aibebe kwa uangalifu.

Nilikuwa upande wa kujaribu kibandiko. Nilishindwa, na waliokataa walikuwa na hoja. Damu ya uzazi isiyojulikana chanzo ni kizuizi cha estrojeni mpaka ichunguzwe. Presha yake ilikuwa 150 kwa 95. Mamake alikufa kwa saratani ya titi. Mwenye kizazi hapewi estrojeni peke yake, lazima na projesteroni, homoni nyingine ya kike, ya kuulinda ukuta wa kizazi, na kwa baadhi ya wanawake projesteroni huzivuruga hisia. Mwisho, kibandiko hakimo katika duka la dawa la serikali, na tiba ambayo familia itainunua miezi miwili kisha ikatike ingemtengenezea anguko jingine la estrojeni kwa mikono yetu. Hoja hii ya mwisho ndiyo iliyoninyamazisha.

Basi sindano ikaletwa karibu, kutoka wiki nne hadi wiki tatu, dozi ile ile. Usiku akaongezewa olanzapini miligramu 5, kwa sababu haipandishi prolaktini kama zile nyingine na inarudisha usingizi, na usingizi ulikuwa nusu ya tatizo. Akapewa madini ya chuma na dawa ya presha. Mtaalamu wa magonjwa ya wanawake alimpiga skani akakuta fibroidi mbili ndogo. Sehemu ya ukuta wa kizazi ikapimwa, haikuwa na saratani. Ngoma ya kupunga ikasimamishwa baada ya mazungumzo marefu na kaka, ambaye hatimaye alikubali kisomo cha mchana, mgonjwa akiwa amelala usiku. Sauti ilipungua kuhesabu katika wiki ya pili. Mwezi wa pili alikuwa jikoni kwake.

Kitu kimoja hakikuwa na jibu jepesi. Mwanamke aliyepungukiwa estrojeni, mwenye miaka mingi kwenye flufenazini, yuko katika hatari kubwa zaidi ya ule ugonjwa wa midomo na ulimi kuchezacheza vyenyewe, na ukiingia huenda usiondoke. Dozi zaidi leo inaweza kuwa midomo hiyo ya kesho. Ndiyo maana wiki tatu hazikuandikwa kuwa za milele. Kila miezi mitatu anakaguliwa uso, ulimi na vidole. Hedhi ikikosa miezi 12 mfululizo, ndiyo kusema ukomo umefika na maleleji yanapungua, tutajaribu kurudi wiki nne, polepole, na olanzapini ikiwa ya kwanza kupunguzwa kwa sababu uzito umeanza kupanda.

Mume aliuliza kama wanaume nao wana haya. Kwa namna yao: prolaktini ile ile huwapunguzia nguvu za kiume, nao huacha dawa kimya kimya bila kumwambia muuguzi wa kike kwa nini. Alicheka, kisha akasema ana mpwa wa hivyo, amlete lini.

Kwenye kadi mpya ya mama kuna mstari uliochorwa kwa rula juu ya safu ya sindano, umeandikwa hedhi ya mwisho. Binti ndiye anayeujaza, kwa tarehe za Kiislamu, na muuguzi huzigeuza. Tumeanza kuwauliza na wengine walio kati ya 40 na 55. Baadhi ya wanawake huona haya mbele ya daktari mwanamume, kwa hiyo swali linaulizwa na muuguzi wakati wa kupima presha.